NYAYA ZISIZO NA MWENYEWE

(Mazungumzo yaliyotolewa Kondoa mbele ya wahitimu na wanafunzi, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Ndugu Katibu aliponiandikia barua alinitaka nizungumzie "Elimu na Maendeleo". Nilimwomba radhi. Mambo hayo yamezungumzwa sana, na na watu walionizidi. Mimi leo nitazungumzia motokaa yangu. Msicheke kwanza, mtacheka baadaye.

Magari mengi tunayoendesha nchini yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Mimi nami, baada ya kudunduliza mshahara, nilinunua RAV4 ya 2003, zile ambazo vijana huziita "Kilitaimu". Lilikwisha pita mikononi mwa watu wawili hapa nchini kabla yangu. Nafanya kazi Dodoma, na kila nipatapo nafasi siku za Ijumaa huja huku kumwona mama, anayekaa karibu na Kolo. Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018, safari hiyo si mateso tena.

Jumapili moja, saa tano usiku, mama alibanwa na pumu. Nilikimbilia gari, nikageuza ufunguo. Tik. Nikageuza tena. Tik. Nalo ni gari la otomatiki, halisukumwi likawaka. Alituokoa mzee jirani yetu mwenye pikapu kuukuu isiyo na redio wala kiyoyozi. Ndiyo iliyomfikisha mama hospitali mjini Kondoa. Mama alipona, na yu hai hadi leo. Lakini nilipokuwa nimemshikilia kule nyuma ya pikapu, nilijiona mtu mzima ovyo.

Nilikwenda kwa fundi. Akasema betri imekufa, nikanunua mpya. Baada ya majuma matatu, Jumapili, likakataa tena. Fundi mwingine akasema ni altaneta. Tulipoipima gari likiwa linanguruma, betri ilisoma volti 14 na kidogo, yaani altaneta inachaji vizuri. Basi nikabaki nasingizia uchawi.

Aliyenizindua ni mpwa wangu, aliye Kidato cha Tatu katika shule hii hii. Aliniuliza: "Mjomba, mbona linakataa Jumapili tu?"

Ndugu zangu, mimi nina shahada ya Chuo Kikuu, na swali hilo sikuwa nimejiuliza. Siku za kazi naliendesha kila siku, nalo huwaka. Likilala siku mbili kijijini, haliwaki. Maana yake kuna kitu kinanyonya umeme polepole gari likiwa limezimwa. Siku moja hakiwezi kuimaliza betri. Siku mbili kinaweza.

Tukaazima mita ya umeme, na kazi ikaenda hivi. Tulizima kila kitu, tukafungua waya wa hasi kwenye betri, tukaiweka mita katikati ya waya na kichwa cha betri, ili umeme wote upite ndani ya mita. Tulifunga milango tukangoja nusu saa, kwa sababu vifaa vya gari huchukua muda kulala. Angalizo kwa vijana: mita ikiwa pale, msiwashe gari wala taa kubwa, mita itaungua.

Gari zima likiwa limelala, mnyonyo usiozidi ampea 0.05 ni wa kawaida. Saa na kumbukumbu za kompyuta zinahitaji kula. Letu lilisoma 0.63. Mpwa wangu akapiga hesabu: kutoka Ijumaa saa tatu usiku hadi Jumapili saa tano usiku ni saa 50. Mara 0.63, unapata ampea-saa 31 na nusu. Betri yangu ni ya 45. Stata huhitaji zaidi ya ampea mia moja kwa kishindo kimoja, itazipata wapi?

Tukachomoa fyuzi moja moja huku tukiitazama mita. Tulitazamia namba itaanguka, tumkamate mwizi. Tulizichomoa zote, namba ikashuka hadi 0.60 tu. Hapo ndipo tulipoelewa: gari lenyewe halina kosa, linakula 0.03. Mwizi hapiti mlangoni kabisa, anapita njia isiyo na fyuzi. Tukaitenga altaneta, maana diodi yake ikiharibika huvujisha umeme, namba haikutikisika. Basi ulikuwapo waya uliongezwa na mtu.

Tuliufuata waya mwekundu mnene kutoka kwenye betri, ukapenya ukuta wa injini, ukajificha chini ya zulia. Ukatufikisha chini ya kiti cha abiria, kwenye amplifaya kubwa ya muziki. Spika zake zilikwisha kung'olewa, bila shaka na mmoja wa wenye gari wa zamani. Ule waya mdogo wa kuiamuru iwake ulikuwa umefungwa moja kwa moja kwenye umeme wa betri, hivyo ilikuwa macho usiku na mchana, ikingojea muziki usiokuja.

Hilo halikuwa baya kuliko yote. Pale waya ulipopenya ukuta, tundu halikuwa na mpira, na bati lilikwisha kuitafuna ngozi ya waya. Fyuzi hakuna. Siku shaba ingegusa bati, umeme wote wa betri ungepita hapo, waya ungekuwa mwekundu kama kaa la moto, na zulia lipo juu yake. Wanangu huketi nyuma ya kiti kile.

Tulipokwisha kuuondoa, tukaamua kukagua vyote visivyo na mwenyewe. Naomba niwapeni orodha, kwa kuwa wengi mtavikuta.

Kipo kisanduku chenye tundu la kadi, ambacho kila ukiwasha gari huzungumza Kijapani kwa sauti ya mwanamke. Hicho ni ETC, cha kulipia ushuru wa barabara kuu za Japani, utaratibu ulioenea kule mwaka 2001. Huku hakina kazi. Zipo nyuzi nyembamba za antena kwenye vioo. Kwa magari ya miaka ile nyingi ni za televisheni ya analojia, ambayo hata Japani ilizimwa sehemu kubwa ya nchi mwezi Julai 2011.

Nyuma ya redio kipo kijisanduku kimeunganishwa kwenye waya wa antena. Hicho msikitupe! Redio za FM za Kijapani za wakati ule huanzia 76 na kuishia 90, wakati zetu hufika 108. Kijisanduku hicho huyashusha masafa yetu ili redio iyapate. Ukikikata, utaendesha kimya hadi Dodoma.

Zipo plagi zilizoning'inia bila kitu. Kiwanda hutengeneza fungu moja la nyaya kwa magari ya daraja mbalimbali. La kwako halikununuliwa na taa za ukungu, basi plagi yake imebaki tupu. Ziacheni, zifungwe tu zisilie.

Nyaya na plagi za rangi ya njano ni za mifuko ya hewa. Hizo msiziguse, wala msizipime kwa taa ya fundi. Mfuko ukifumuka usoni utamjeruhi aliyeinama mbele yake.

Mwisho tulikuta kisanduku kidogo kimefungwa kwa tepu nyeusi ndani ya dashibodi, nacho kina kadi ya simu. Kilikuwa kifaa cha kufuatilia gari lilipo. Hakikunyonya umeme mwingi, lakini kilinikosesha usingizi kuliko amplifaya. Sijui kama kuna aliyekuwa akitazama safari zangu. Nilikiondoa, nikampelekea aliyeniuzia, kwa sababu kadi ile imesajiliwa kwa jina la mtu na si haki yangu kuitumia. Alisema naye alikikuta humo. Basi ununuapo gari, muulize muuzaji: ni nini kilichoongezwa, na nani anakijua?

Ndugu Mwenyekiti, ofisini kwetu pia zipo nyaya za namna hii: fomu anayejaza hajui anamjazia nani, na taarifa isiyosomwa na mtu. Kijana mwenye pupa hukata yote. Mzee mwenye woga huacha yote. Mpwa wangu alinifundisha njia ya tatu: pima, fuatisha hadi mwisho wake, ndipo uamue. Na ukiongeza waya wako, uwekee fyuzi, uandike karatasi kwamba ni wa nini. Aliyeiweka amplifaya ile hakunitakia mabaya. Aliondoka tu bila kusema.

Sheria ya Ohm tulifundishwa katika maabara iliyo nyuma ya jengo hili, kwa mita moja iliyoshikwa na wanafunzi arobaini. Leo nimemkabidhi Ndugu Mkuu wa Shule mita tano. Nawaomba wahitimu wenzangu, kila mwenye gari alete moja. Bei yake haifiki hata ya betri niliyoinunua bure.

Na gari langu limelala kwa mama tangu Alhamisi. Nitatoka hapa kwenda kuliwasha. Mkiniona nikirudi kwa miguu, sasa ndiyo ruhusa ya kucheka.