Muulizeni Anaamka Saa Ngapi

Mhadhara wa umma kuhusu kukosa usingizi, uliotolewa Kithyoko, Masinga, Kaunti ya Machakos



Niliombwa nizungumze juu ya saa ya mwili, na mhadhara huo ninao tayari. Leo utabaki mkobani. Majuzi niliwekewa mezani karatasi ya ushauri iliyoandikwa na mwenzangu, msomi wa lishe, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa bado tunakunywa chai pamoja. Imeandikiwa watu wanaokosa usingizi. Ina kanuni nyingi za jioni: lala mapema, oga maji ya moto, zima simu, chumba kiwe na giza, kitandani pasiliwe chakula wala pasisomwe kitabu. Kisha ina orodha ya virutubisho vya kununua: melatonini, magnesiamu na mzizi wa valeriani. Juu kabisa, kwa herufi nene, imeandikwa kwamba babu zetu walilala muda wa saa nane kila usiku kwa sababu hawakuwa na stima.

Karatasi nzima haina swali ambalo mimi ningelitanguliza: huyu mtu asiyelala, huamka saa ngapi?

Nianze na hao babu zetu, kwa sababu wanasingiziwa. Saa nane hizo hazikutoka kwa daktari. Robert Owen, mwenye kiwanda wa Uingereza aliyewatetea wafanyakazi, alizipigia debe kuanzia mwaka 1817 alipokuwa akidai siku igawanywe mafungu matatu yaliyo sawa, fungu la kazi, la burudani na la mapumziko. Yalikuwa madai ya haki, nami nayaunga mkono, lakini hayakupimwa juu ya mtu aliyelala. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipokaa kulijadili jambo hilo mwaka 2015, walishauri mtu mzima apate saa 7 au zaidi. Mwaka huohuo jarida la Current Biology lilichapisha kazi ya Gandhi Yetish, Jerome Siegel na wenzao, waliowavisha watu wazima 94 kifaa kama saa ya mkononi kinachorekodi mijongeo ya mwili. Watu hao walikuwa Wahadzabe wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, jamii zilizoishi bila stima. Walilala kati ya saa 5.7 na 7.1. Wala hawakulala na kuku: kwa wastani usingizi uliwachukua saa 3.3 baada ya jua kuzama, ambazo hapa Masinga zingekuwa karibu saa nne usiku. Na waliosema kwamba kukosa usingizi huwasumbua mara kwa mara walikuwa asilimia 1.5 hadi 2.5 tu.

Ni haki nitaje upande wa pili. Mwaka 2015 huohuo, Horacio de la Iglesia na wenzake walilinganisha Watoba wa Argentina walio na stima na wenzao wasio nayo. Wenye stima walilala pungufu, dakika 40 hivi wakati wa kiangazi na karibu saa nzima wakati wa baridi. Kwa hiyo taa ina makosa yake. Nasi tulioishi karibu na mabwawa ya Seven Forks, tukiziona nyaya za umeme zikipita juu ya vichwa vyetu kwenda Nairobi huku tukisomea koroboi, tunajua kwamba kukosa taa nako kuna makosa yake. Lakini kulala pungufu dakika 40 ni jambo moja, na kukaa macho hadi jogoo awike huku mwili unataka kulala ni jambo jingine. Mwenzangu ameyachanganya hayo mawili, na dawa anayotoa inalitibu lile la kwanza.

Sasa niruhusuni nikae kidogo na utafiti ninaoupenda kuliko yote. Ulichapishwa mwaka 2017 na David Samson, Alyssa Crittenden, Watanzania Ibrahim na Audax Mabulla, pamoja na Charles Nunn. Walikwenda kwa Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi, wakawavisha watu wazima 33 vifaa vilevile kwa siku 20 hivi, kisha wakauliza swali ambalo hakuna daktari anayeliuliza, kwa sababu daktari humpima mgonjwa mmojammoja. Waliuliza: kambi nzima hulala saa ngapi? Walichambua usiku baada ya usiku, dakika baada ya dakika. Katika zaidi ya saa 220 za usiku, muda ambao watu wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18. Dakika 18 jumla, kwa siku zote zile! Wakati wowote wa usiku, zaidi ya theluthi ya watu wazima walikuwa macho au katika mang'amung'amu. Mmoja ameamka kumfunika mtoto, mwingine anavuta tumbaku, mwingine amejilaza tu akisikiliza. Wala hawakupangiana zamu. Wazee walilala mapema na kuamka mapema, vijana walichelewa kulala wakachelewa kuamka, na umri wenyewe ukaleta ulinzi. Waandishi wanakisia kwamba huo usingizi mwepesi wa wazee, ambao sisi huuandikia dawa, ulikuwa na faida kwa kundi zima.

Mzee uliyeketi hapa mbele na ambaye huamka saa tisa usiku, ukasikiliza mbuzi na malori ya Garissa, kisha ukapitiwa tena na usingizi: hunidai dawa. Unafanya kazi ya zamani sana, nayo hailipwi.

Anayenidai ni yule ambaye siku tatu au zaidi katika juma, kwa miezi mitatu au zaidi, hulala kwa taabu ingawa nafasi ya kulala anayo, na mchana anaumia. Huyo ndiye mgonjwa, na huyo ndiye anayeponzwa na karatasi ya mwenzangu.

Kanuni za jioni zina historia ya heshima. Peter Hauri alizikusanya mwaka 1977, na nyingi ni za busara. Tatizo ni kuzifanya dawa. Mwaka 2021, Chuo cha Tiba ya Usingizi cha Marekani kilipotoa mwongozo wake, kilishauri kanuni hizo zisitumike peke yake kama tiba ya kukosa usingizi. Utafiti ulikuwa umezitumia mara nyingi kama kipimo cha kulinganishia, ile tiba dhaifu anayopewa mgonjwa wa upande wa pili ili tiba ya kweli ipate ya kuishinda. Sisi tumeichukua ile dhaifu, tukaipiga chapa na kuigawa.

Halafu soma vizuri: kitandani pasiliwe, pasisomwe, na ukikosa usingizi nenda chumba kingine. Chumba kipi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwalimu aliyepanga chumba kimoja nyuma ya maduka hapa Kithyoko anakaa kitandani kusahihisha madaftari kwa sababu kitanda ndicho kiti. Kanuni yenyewe ni nzuri. Richard Bootzin aliieleza mwaka 1972: mwili hujifunza mahali, na aliyezoea kukodoa macho kitandani, kitanda humwamsha. Ila lazima ishonwe ikae mwilini mwa mvaaji. Mwenye chumba kimoja ajifunze kugeuza godoro lake kuwa mahali pawili: mchana limetandikwa shuka nzito na ndipo anapokaa, usiku shuka hiyo inaondolewa na ndipo anapolala. Akikosa usingizi, avute kigoda akae karibu na dirisha, taa hafifu, hadi macho yawe mazito. Asiitazame saa.

Lakini kanuni iliyonitoa nyumbani kuja kuwasumbua ni ile ya kwanza: lala mapema. Kwa mtu asiyepata usingizi, huo ndio ushauri mbaya kuliko wote, nami nasema hivyo nikijua kwamba mama zetu wote waliutoa.

Usingizi una nguvu mbili zinazouvuta. Moja ni saa ya mwili, ambayo hutegwa na mwanga, hasa wa asubuhi. Ya pili hujilimbikiza kadiri tunavyokaa macho, na hiyo inafanana na njaa. Aliyedokoa mihogo mchana kutwa hawezi kukaa mbele ya sinia la muthokoi jioni akalishambulia. Vivyo hivyo aliyelala kidogo mchana, akaamka saa tatu asubuhi kwa kuwa usiku ulikuwa mbaya, kisha akaingia kitandani saa mbili usiku ili alipize, amekwenda mezani bila njaa.

Nilimwona mjomba wangu akifanya hivyo. Aliendesha lori la saruji kati ya Thika na Garissa hadi nywele zikaota mvi, na wakati huo alilala popote, hata chini ya lori. Alipostaafu usingizi ukamtoroka. Akaanza kupanda kitandani mara tu baada ya taarifa ya habari ya jioni, akigaagaa hadi mapambazuko, karibu saa kumi za kulala chali akipata usingizi wa saa tano au sita zilizokatikakatika. Akanywa kila kitu: maziwa ya moto, pombe ya kaluvu ya jirani, vidonge vya mafua. Aliponipigia simu nilimwuliza swali langu. Akasema huamka wakati wowote mwili utakapotaka, si amestaafu?

Alichofanya baadaye kinatoka kwa Arthur Spielman, aliyekichapisha mwaka 1987, na kinaonekana kama ukatili. Aliyelala saa tano na nusu anapewa saa tano na nusu za kitanda, basi. Saa ya kuamka inafungwa, tuseme saa kumi na moja na nusu alfajiri, kila siku, Jumapili pia. Tukirudi nyuma kutoka hapo, mjomba haruhusiwi kupanda kitandani kabla ya saa sita usiku. Juma la kwanza lilikuwa la manung'uniko, na shangazi alinilaumu mimi. Kisha njaa ile ikamfika. Mtu akishatumia takriban asilimia 85 ya muda wake wa kitandani akiwa amelala kweli, anaongezewa dakika 15, kisha nyingine, mpaka atosheke. Mjomba alitosheka. Bado anasema ni yale maziwa.

Tiba hii, pamoja na ile ya Bootzin na mazungumzo ya kutuliza fikra, ndiyo ambayo madaktari wa Marekani waliipendekeza mwaka 2016 itangulie vidonge, na wenzao wa Ulaya wakasema vivyo hivyo mwaka 2017. Isianzwe kienyeji na dereva wa usiku, mwenye kifafa, wala mtu mwenye ugonjwa wa hisia unaompandisha na kumshusha. Hao waonane na daktari kwanza. Na anayekoroma huku pumzi zikimkatika naye aende hospitali, maana hilo ni tatizo jingine.

Vidonge nitavipitia upesi. Melatonini iligunduliwa na Aaron Lerner mwaka 1958 katika tezi za ng'ombe. Ni tarishi wa giza, huuambia mwili kwamba usiku umeingia. Inamfaa msafiri aliyevuka bahari. Kwa asiyelala, uchambuzi wa majaribio uliochapishwa mwaka 2013 uliona inafupisha kungoja usingizi kwa dakika 7 hivi. Uingereza huitoa kwa cheti cha daktari, Marekani huiuza dukani kama chakula, na hizo ndizo chupa ambazo ndugu zetu hutuletea Krismasi. Wachunguzi wa Canada walipopima bidhaa 31 mwaka 2017, walikuta kiasi kilichomo kikianzia asilimia 83 chini ya kilichoandikwa hadi asilimia 478 juu yake. Valeriani haikushinda majaribio ya kutosha. Magnesiamu ina majaribio matatu madogo ya wazee 151 kwa jumla, na aliyekula pojo na kunde jana ameshaimeza kwa bei nafuu. Vidonge vya mafua na mzio hulevya hadi asubuhi na kuwachanganya wazee. Pombe humlaza mtu mapema na kumwamsha usiku wa manane.

Cha kuondoa kina nguvu kuliko cha kuongeza. Kafeini ya kahawa nyingi, kiasi cha miligramu 400, ikimezwa hata saa sita kabla ya kulala, ilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima katika jaribio la mwaka 2013. Na muguka, aina ya miraa inayolimwa hapo ng'ambo ya Tana kule Mbeere, una kathinoni, ndugu wa amfetamini. Kijana anayetafuna jioni kisha akija kuniuliza juu ya melatonini, namrudisha na swali lake.

Nimalizie na jambo ambalo wenzangu hunicheka nalo. Katika kazi ile ya Yetish na Siegel, watu hawakufuata mwanga walipolala, walifuata baridi. Walilala joto la hewa likishuka, na wengi wakaamka karibu na pale lilipofika chini kabisa. Mwili nao hushusha joto lake ili usingizi uingie. Ndiyo sababu ile kanuni ya kuoga maji ya moto ina ukweli, ikiwa ni saa moja au mbili kabla ya kulala: damu huja kwenye ngozi, joto hutoka. Nikiyaunganisha hayo, naitazama nyumba yetu ya kawaida Masinga, mabati matupu bila dari, madirisha madogo yaliyofungwa kwa hofu ya wezi na mbu. Jua limeipika mchana kutwa, na saa tatu usiku kuta za tofali bado zinatoa joto. Babu yangu alilala chini ya nyasi.

Nakubali kwamba mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kuwa moja limezaa jingine. Nakubali kwamba nyasi zilikuwa na nyoka, zilivuja na ziliungua. Nakubali kwamba mtu mwenye wasiwasi wa karo hatalala hata ndani ya jokofu. Mwenzangu wa lishe ameniambia yote hayo, na kila moja lina uzito. Hata hivyo, fedha za zile chupa tatu, mwezi baada ya mwezi, mimi ningezitia kwenye dari na kwenye madirisha yenye wavu, moja upande wa mashariki na moja upande wa magharibi, upepo upite. La mashariki lina kazi ya pili: hapa kwetu jua huchomoza karibu saa ileile mwaka mzima, halipishani zaidi ya nusu saa hivi, nalo litakuja usoni kukuamsha.