Walinzi wa Mbegu za Kiume

Ndoa ikikaa bila mtoto, macho humgeukia mke. Si haki hata kidogo, maana chanzo kinaweza kuwa kwa mume.

Ndani ya korodani, mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa. Hatari ipo humohumo: karibu nusu ya DNA yetu ni mabaki ya vipande vya kale, na baadhi vikiachiwa hujinakili na kujipachika ovyo. Walinzi wa mbegu ni vijinyuzi vya RNA viitwavyo piRNA, vya herufi 24 hadi 31 tu, vilivyogunduliwa kwenye korodani za panya mwaka 2006. Kila kimoja huiongoza protini ya PIWI hadi kwa mkorofi, yaani kipande kinachojinakili. Nayo hukata nakala zake au humfungia asiamke. Panya dume waliokosa protini hizo walikuwa tasa. Mbegu zao ziliishia njiani.

Kipimo cha kawaida cha mbegu hospitalini hakisomi piRNA. Huangalia idadi, mwendo na umbo la mbegu. Baba, mwaka ukipita bila mimba, nenda ukapimwe pamoja na mama.