FURAHA NDOGO NA DENI LA HAKI
(Mada kwa viongozi wa walei, Hasamba)



Habari za huzuni hutufuata hadi mezani. Zamani tulingoja saa ya taarifa redioni. Siku hizi simu hutuletea kilio kabla ya sala ya asubuhi. Tumesikia vita ya Sudan iliyoanza Aprili 2023, maporomoko ya tope yaliyoua watu Katesh, wilayani Hanang, Desemba 2023, na kutekwa kwa Goma Januari 2025. Nasi wenyewe, Tanzania, tulizika ndugu zetu katika machafuko ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025. Ndipo waamini wengine huuliza: je, ni halali kufurahi wakati wengine wanalia?

Swali hilo ni jema, maana latoka katika moyo ulio hai. Jibu tulitafute katika Maandiko.

Kitabu cha Nehemia, sura ya 8, chatuonyesha watu waliorudi kutoka uhamishoni. Waliposikia Torati ikisomwa, walilia. Wakaagizwa waende kula vinono na kunywa vitamu, na kuwapelekea sehemu wale wasio na kitu. Tuangalie vema: agizo la kufurahi na agizo la kugawana ni agizo moja. Tena, katika sura ya 5, Nehemia alikwisha kuwakemea wakubwa waliowatoza ndugu zao riba na kushika mashamba yao, hata watoto wakatiwa utumwani. Aliwataka warudishe mashamba, mizabibu na nyumba. Haki ilitangulia, karamu ikafuata.

Papa Paulo wa Sita, katika Wosia wake wa Kitume juu ya furaha ya Kikristo, wa Mei 9, 1975, alifundisha kwamba yatupasa kujifunza kuonja furaha za kawaida ambazo Muumba ameziweka njiani mwetu: uhai, upendo, utulivu wa viumbe, kazi iliyofanywa vema. Nasi tunazo hapa. Mvua za kwanza zikinyesha, kahawa huchanua, shamba likawa jeupe na harufu yake ikafika njiani. Mgonjwa aliyekataa chakula siku tatu anaomba uji. Mtoto anaandika jina lake kwa mara ya kwanza. Hayo hayafuti msiba wa Goma. Lakini moyo usioonja jema lolote huchoka, na uliochoka hauhangaikii tena haki ya mtu yeyote.

Tujihadhari na makosa mawili. Lipo la furaha inayoziba masikio. Lipo pia la huzuni inayosambaza picha za maiti kwa simu usiku kucha, na kulipokucha haimtembelei hata jirani aliyefiwa.

Basi, Haki na Amani inahusikaje na furaha? Inahusika sana, kwa kuwa furaha ndogo huweza kuporwa. Kibarua aliyechuma kahawa tangu alfajiri asipolipwa siku ya ahadi, amenyang'anywa furaha ya kuingia kwake na kilo ya sukari na daftari la mtoto. Mke anayepigwa hana jioni ya mapumziko; mlango ukigongwa, hushtuka. Mjane aliyeporwa shamba hawezi kuifurahia mvua, maana mvua hiyo yaotesha mahindi ya mwingine. Sisi tunaoshukuru kwa furaha zetu tuna deni kwa hao.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu kwa kila Jumuiya Ndogondogo. Kwanza, mkutano uanze kwa kutaja jema moja la juma na kumshukuru Mungu kwalo. Pili, atajwe kwa busara mtu mmoja aliyeporwa furaha yake, nao wawili wateuliwe kumwendea kabla ya mkutano ufuatao. Tatu, sikukuu yoyote isipite bila sehemu ya chakula kupelekwa kwa asiyeandaliwa kitu.

Tusione haya kufurahi. Tuone haya kufurahi peke yetu.

Mungu awabariki.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya
1. Juma hili tumepokea furaha gani tusiyoishukuru?
2. Ni nani kati yetu anayemdai mwingine ujira, shamba au usalama, nasi tumenyamaza?