Kompyuta Kuukuu na Mgeni wa Flashi

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Bagamoyo kwenda Ujiji, alipofika hapa Tabora kupumzika, hakubomoa ukuta wa mwenyeji wake: alitandika mkeka, akalala, akaukunja, akashika njia. Ndivyo ufanyavyo mfumo endeshi huria wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland, unapowashwa kutoka katika flashi; hukaa katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na maadamu hukuuamuru ujisimike, diski ya ndani huiacha salama.

Basi mwenye kompyuta kuukuu, ambayo Windows 10 yake ilikoma kupata msaada wa kawaida Oktoba 14, 2025, asiharakie kuitupa. Atwae flashi ya gigabaiti 8 isiyo na amana ya mtu, kwani yaliyomo yatafutika. Apakue toleo la Linux liitwalo Linux Mint, au lile la antiX iwapo mashine ni dhaifu mno. Faili lake ni kubwa na bando ni ghali, lakini leseni yaruhusu mmoja kupakua na jirani zake kunakili, wala si wizi. Kisha aliandike faili hilo kwenye flashi kwa programu kama Rufus, maana kulinakili tu ndani ya flashi, kosa la aghalabu ya wanaoanza, hakuiwashi kompyuta. Awashapo, abonyeze F12 au Esc, kila kiwanda na ada yake, achague flashi. Mfumo utakwenda polepole, hasa tundu za USB zikiwa za kale. Kabla ya kusimika, ajaribu sauti, Wi-Fi na printa papo hapo.