Daftari la Mgonjwa wa Kisukari

Kila mmoja na ashike daftari na kalamu yake. Leo tutaona jinsi kusoma na kuandika kunavyoweza kuokoa maisha ya mtu.

Tuseme yuko mama mmoja mwenye kisukari. Asubuhi na jioni hujidunga insulini kama alivyoagizwa. Hata hivyo sukari yake haishuki. Mashine ya kupimia inaonyesha 13, kesho yake 16. Jirani mmoja anamwambia, "Ongeza dawa." Mwingine anamwambia, "Dawa hiyo haikufai, iache." Je, afuate shauri lipi? Asifuate hata moja. Akiongeza kwa kubahatisha, sukari yaweza kushuka mno akazimia. Akiiacha, aweza kufa. Kwanza na atafute sababu.

Sababu ya kwanza ni joto. Insulini huharibiwa na jua na joto kali. Chupa ambayo haijafunguliwa huwekwa katika jokofu, penye baridi ya digrii 2 hadi 8, wala isigande. Asiye na jokofu aweza kutumia vyungu viwili vya udongo: kidogo ndani ya kikubwa, na katikati yake mchanga uliolowa maji. Vyungu vikae kivulini, na chupa ifungwe katika mfuko isilowe. Chupa nyingi zikisha kufunguliwa hutumika kwa wiki 4 tu.

Sababu ya pili ni mahali pa kudunga. Ukidunga pale pale kila siku, panafanya uvimbe. Hapaumi tena, kwa hiyo unapapenda. Lakini dawa iliyoingia katika uvimbe haienei vizuri mwilini. Papasa tumbo na mapaja yako. Ukiona uvimbe, mwonyeshe mwuguzi kabla ya kuhama, maana mahali pazima dawa hufanya kazi kwa nguvu zaidi.

Sababu ya tatu ni bomba la sindano. Chupa iliyoandikwa 100 hutaka bomba lililoandikwa 100, na chupa ya 40 hutaka bomba la 40. Ukivuta dawa ya 40 kwa bomba la 100, unapata pungufu ya nusu. Ukikosea kinyume chake, unapata mara mbili na nusu, na hiyo ni hatari kubwa.

Sababu ya nne ni chakula na maradhi. Soda, chai ya sukari na ugali mwingi hupandisha sukari. Homa au kidonda pia huipandisha.

Sasa fungueni daftari. Pigeni mistari mfanye safu tano: tarehe na saa, sukari, dawa, chakula, na mahali pa kudunga. Mgonjwa aandike kila siku, kisha ampelekee daktari. Daktari ndiye atakayeamua kipimo cha dawa.

Mama yetu alifanya hivyo. Naye alikuwa ameandika juu ya chupa tarehe aliyoifungua. Alipohesabu, aliona wiki 6 zimepita, na chupa ilikuwa ikikaa dirishani penye jua! Daktari alimpa chupa mpya. Hakumwongezea dawa hata kidogo, na sukari ikashuka.

Lakini sikilizeni vizuri. Sukari ikiwa juu, na mgonjwa anatapika, tumbo linamwuma, anahema kwa nguvu, au pumzi yake inanuka kama matunda, msingoje daftari. Mpelekeni hospitali saa ile ile. Wala asiache insulini kwa sababu tu hawezi kula.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Kwa nini tunaandika tarehe juu ya chupa?
2. Kwa nini si vizuri kudunga pale pale kila siku?
3. Taja dalili tatu za kumpeleka mgonjwa hospitali upesi.