Vita vya Chetambe Jukwaani: Somo la Aeschylus kwa Bungoma na Kitale



Mwaka 472 kabla ya Kristo, mjini Athens, Aeschylus alionyesha tamthilia iitwayo Waajemi. Miaka 8 tu ilikuwa imepita tangu Wagiriki washinde vita vya majini vya Salamis. Wengi wa watazamaji walipigana siku hiyo. Aeschylus mwenyewe alikuwa amepigana Marathon mwaka 490, na ndugu yake Cynegeirus aliuawa huko. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kutunga tamthilia ya majigambo, ni yeye.

Hakutunga majigambo. Aliwapeleka watazamaji wake Susa, katika makao ya adui. Hakuna Mgiriki hata mmoja anayekanyaga jukwaa. Tunawaona wazee wa Kiajemi wakingoja habari za vijana wao. Malkia ameota ndoto mbaya. Tarishi anafika na kuhesabu waliozama. Mzimu wa mfalme Dario unaitwa kutoka kaburini, nao unamlaumu mwanawe Xerxes kwa kiburi chake. Mwishoni Xerxes anarudi, mavazi yameraruka, naye analia pamoja na wazee.

Hoja yangu leo ni kwamba sisi watu wa Bungoma na Kitale tunavyo vita vyetu vinavyostahili jukwaa la namna hiyo, na kwamba tukivionyesha, uchungu wa waliokuja kutupiga nao upewe nafasi.

Vita hivyo ni vya mwaka 1895. Chanzo chake kilikuwa bunduki zilizofika mikononi mwa Wabukusu, na kikosi kilichotumwa kutoka Mumias kuzidai, ambacho kiliangamizwa. Serikali ya Kiingereza ikaandaa msafara wa kulipiza kisasi. Ngome ya Lumboka ikaanguka, kisha ikafuata ya Chetambe, kwenye vilima vya Webuye, ambako Wabukusu na Watachoni walikuwa wamejikinga kwa kuta za udongo na mahandaki. C. W. Hobley, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa Mumias, alikuwa katika msafara ule na baadaye akauandika katika kumbukumbu zake. Kwa hiyo masimulizi yaliyochapishwa mapema ni ya mshindi, akisimulia ushindi wake.

Waliopanda vilima vile hawakuwa Waingereza watupu. Walikuwamo askari wa Kisudani, Waganda, Wamaasai, na watu wa Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga. Vitukuu wa baadhi ya hao ni jirani zetu leo. Tunakutana nao sokoni Chwele na stendi ya Kitale, tunaoana nao, tunapiga kura pamoja. Kwa ajili yao jukwaa linatakiwa kufanya kazi ngumu kuliko ya Aeschylus. Yeye alikuwa mshindi akimhurumia aliyeshindwa. Sisi ni wana wa walioshindwa, na tunaombwa kumsikiliza mama wa Mumias ambaye mwanawe hakurudi kutoka Lumboka.

Msidhani kusikiliza huko ni kumsamehe aliyetuma jeshi. Katika Waajemi huruma haifuti hatia: Xerxes analiliwa, na bado ndiye aliyewapeleka watu wake kufa. Vivyo hivyo himaya ya Kiingereza ibaki na mzigo wake wote. Nasi tujifunze kutofautisha kati ya himaya na kijana aliyebebeshwa bunduki yake.

Kuna tahadhari moja kutoka Athens. Kabla ya Aeschylus, Phrynichus alionyesha kuanguka kwa Mileto, mji wa ndugu zao, muda mfupi baada ya Waajemi kuuteka mwaka 494. Herodoto anasimulia kwamba watazamaji wote walibubujikwa na machozi. Mtunzi akatozwa faini ya drakma 1,000, na mchezo ule ukapigwa marufuku. Kidonda kilikuwa kibichi mno. Sisi pia tunavyo vidonda vibichi: mauaji na uhamisho wa Mlima Elgon wa 2006 hadi 2008, na machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 yaliyowafukuza watu mashambani Trans Nzoia. Vita vya 1895 vinatupa umbali wa kutazama. Mtazamaji aliyepoteza jamaa Cheptais, kule Mlima Elgon, ataweza kulia kwa ajili ya Chetambe bila jirani yake kujiona amenyooshewa kidole.

Kumbukumbu hii haianzi nasi. Mnamo 1947 Elijah Masinde wa Kimilili, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwakusanya wafuasi wake Chetambe kuwakumbuka waliouawa pale. Februari iliyofuata polisi walifyatulia umati risasi Malakisi, watu wakafa, na dini ile ikapigwa marufuku. Serikali ilijua nguvu ya watu wanaokusanyika mahali pamoja kuwalilia wafu wao.

Na sanaa ya kufanya hivyo tunayo. Omuswala kumuse, msemaji wa matanga ya Wabukusu, akitembea huku na huko uwanjani mbele ya watu walioketi kwa heshima, husimulia ukoo, uhamaji na vita kwa maneno peke yake, nao wasikilizaji huviona. Tarishi wa Aeschylus hufanya kazi hiyo hiyo: vita vyote viko kinywani mwake. Lakini kumuse ni ya msiba wa kweli, tena wa mzee anayestahili. Tusiiigize. Tuazime uwanja wake wazi na imani yake katika neno, na hata hilo tulifanye baada ya kuwaomba wazee ruhusa.

Gharama isitutishe. Aeschylus alihitaji waigizaji 2, korasi na mpiga filimbi. Walimu wetu wa drama wamezoea kupeleka makundi makubwa kuliko hilo kwenye mashindano ya shule, na wapiga litungu tunao. Lugha iwe Kiswahili, ili Msabaot, Mteso, Mtachoni, Mbukusu na Mwanga wakae safu moja. Kiswahili kimeshaubeba mzigo huu: Ebrahim Hussein alikileta jukwaani kwa vita vya Maji Maji katika Kinjeketile ya 1969, na Samuel Mushi akamleta Sophocles katika Mfalme Edipode.

Napendekeza basi kwamba onyesho la kwanza lifanyike Webuye, chini ya vilima vyenyewe. La pili liwe Mumias, na waalikwa wa heshima wawe wazee wa Wanga. La tatu liwe Kitale, katika viwanja vya makumbusho yaliyoanzishwa na mlowezi Stoneham mwaka 1926. Idara za utamaduni za kaunti zetu zitenge fedha. Idara za Kiswahili zitoe watunzi. Wazee watoe majina ya waliokufa wa pande zote, kwa kadiri yanavyokumbukwa, na korasi iyataje yote kwa sauti ile ile.