Kikohozi cha Mtoto Mchanga na Saa ya Karani

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama, Lindi)



Nimetakiwa niseme machache juu ya kikohozi na mafua ya mtoto mchanga. Huenda mtu akauliza, jambo hili la wakunga na mama wazazi lawahusuje makarani? Lawahusu sana. Katika jamaa zetu, tangu Kilwa Kivinje hata Lindi, mtu mwenye mshahara ndiye aamshwaye usiku mtoto akikohoa. Yeye ndiye aombwaye fedha, ama za chupa ya dawa dukani, ama za fundi wa kukata kimeo. Basi neno lake lina uzito, na yampasa ajue asemalo.

Kwanza tufahamu kwamba kikohozi chenyewe si adui; ni mlinzi autoaye uchafu kifuani. Mafua mengi ya watoto huletwa na virusi, nayo hupoa yenyewe katika wiki moja au mbili. Taabu kubwa ya mtoto wa miezi ya kwanza ni pua. Yeye hupumua zaidi kwa pua, na ikiziba hawezi kunyonya na kupumua pamoja. Ndipo huacha ziwa na kulia.

Msaada wake hauna gharama. Chemsheni maji, pimeni kikombe kimoja, tieni nusu kijiko cha chai cha chumvi, mkoroge, kisha yaacheni yapoe. Mtieni matone mawili au matatu katika kila tundu la pua, mkapanguse kamasi kwa kitambaa safi kilichosokotwa. Fanyeni hivyo kabla ya kunyonya na kabla ya kulala; na maji hayo yatengenezwe mapya kila siku. Tena mama amnyonyeshe mara nyingi, kidogo kidogo. Aliye chini ya miezi sita hahitaji kinywaji kingine.

Miezi ya kusi, hasa Juni na Julai, usiku wetu huwa na baridi, na watu hufunga milango wakaweka jiko ndani. Mabwana, moshi wa kuni, hewa ya mkaa, sigara, hata udi na ubani tunaoupenda, huchoma kifua cha mtoto. Avikwe nguo za kutosha, na jiko litolewe nje.

Sasa nitaje mambo ya kuachwa. Asali ni njema, lakini asilambishwe mtoto asiyetimiza mwaka, maana yaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda. Samli na mafuta ya nazi yasitiwe puani, kwani yakishuka mapafuni huleta ugonjwa. Nyungu, iliyovuma sana nchini mwaka 2020, si ya mtoto. Wengi huungua kwa maji ya moto. Dawa za kikohozi za chupa hazimfai mchanga. Mwaka 2022 huko Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa, na dawa za namna hiyo zilizochanganyika na sumu ndizo zilizoshukiwa.

Ama kukata kimeo, hapa sitaficha neno. Kile kinyama kining'iniacho kooni kila mtu anacho, na wala hakileti kikohozi. Wembe wa fundi huleta damu isiyokatika, pepopunda, na maradhi ya damu kutoka kwa mtoto hata mtoto. Mtoto hupona mafua yake kwa siku zake, na sifa akapewa fundi. Ombwapo fedha za kazi hiyo, zitoe kwa nauli ya kwenda hospitali.

Lakini tutajuaje kwamba mambo yamepita uwezo wa nyumba? Hapa ndipo saa ya karani ifanyapo kazi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, tazameni kifua chake mkahesabu pumzi kwa dakika moja kamili. Aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hata 11, 50 au zaidi. Mwaka 1 hata 5, 40 au zaidi. Hesabu hiyo yaonyesha kichomi, yaani nimonia. Kadhalika msingoje asubuhi mkiona sehemu ya chini ya kifua yabonyea ndani avutapo pumzi, au midomo yageuka rangi, au amekataa kunyonya, au atapika kila kitu, au amelegea, au ameshikwa na degedege. Na mtoto wa chini ya miezi 2 akiwa na homa, safari ni papo hapo. Kikohozi kipitacho wiki mbili nacho kipimwe, kisije kikawa kifua kikuu.

Watu wa Kilwa wana hospitali ya Kinyonga pale Kivinje, na sisi tunayo ya Sokoine hapa mjini. Aliyeko Songo Songo ana bahari mbele yake. Yeye na aanze mapema zaidi, kwa kituo cha afya kilicho karibu naye.

Mwisho, msisahau chanjo za wiki 6, 10 na 14. Ile ya kifaduro imo humo, na ya nimonia imetolewa nchini tangu 2013.

Mabwana na mabibi, tumezoea kuhesabu fedha na barua za watu. Tukajifunze leo kuhesabu pumzi za watoto wetu, tukawafundishe na jirani wasio na saa.